Posa ya Stafford na Swali la Mungu Mmoja

Tangu nirudi sijaweza hata kununua mkate kwa amani. Kila nikishuka gari kuna mtu ananishika mkono: "Athumani, ni kweli ulikwenda kuposa na spaki plagi?" Ni kweli. Na kipande cha keki pia. Sasa nimechoka kusimulia kwa mafungu, huyu nampa mwanzo, yule nampa mwisho, halafu wanakutana wananiita mwongo. Nimekaa nimeandika yote. Mwandiko msinicheke. Mimi na shule tuliachana darasa la tatu, na hatukuachana kwa wema.

Grand Prairie, kwenye kaseti

Faraji mnamjua, mtoto wa dada yangu, yule mrefu anayefanya kazi maabara ya hospitali. Alikuwa amempenda Zuhura, binti wa Mwalimu Makame wa Stafford, kule chini Houston. Mapenzi yenyewe yalikuwa ugonjwa. Kijana alikonda mpaka akipita mbele ya mlango wa duka ule unaofunguka wenyewe, mlango haumuoni. Wazazi wake wako Mombasa, kwa hiyo hapa mjomba ndiye mzazi, na mzazi ndiye mshenga. Nikapiga simu Stafford, nikaacha ujumbe kwamba Jumamosi nitakuja na posa. Kesho yake tukakuta Mwalimu amejibu kwenye mashine ya simu.

Mashine hiyo Faraji aliinunua kwenye yadi ya mtu aliyekuwa anahama. Kaseti yake imesikiliza mambo ya watu mpaka imechoka. Sauti ya Mwalimu ilitoka kama mtu anayehutubia huku anakaanga dagaa: "Mwambie mshenga… kwanza kabisa… krrr… ungu moja. Na chanzo chake nikijue. Makavu sitaki. Aliyetangulia kaniletea makavu, nikamrudisha kwao."

Tuliirudia mara mia nne. Faraji akashika kichwa.

"Mjomba, anauliza habari ya Mungu mmoja. Anataka chanzo chake."

"Chanzo cha Mungu? Astaghfirullah."

"Chanzo cha hiyo imani, Mjomba. Nani wa kwanza kushika Mungu mmoja."

"Si Nabii Adam? Nitamjibu nikiwa bado mlangoni, nile biriani nirudi."

"Hilo kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Huyu amefundisha historia Unguja mpaka mvi. Anataka ya historia. Watu wote walikuwa wanaabudu masanamu mia, nani akatoka akasema hapana, ni mmoja. Ndiyo maana amesema makavu hataki. Yule mshenga wa kwanza, wa mfamasia, alimpelekea maneno makavu, akarudishwa kwenye kizingiti na kofia yake."

Hilo la kurudishwa lilikuwa kweli, Dallas nzima walilijua. Na Faraji alikuwa amesikia kwamba Jumapili kuna mshenga mwingine anakwenda, wa daktari wa meno. Kwa hiyo yetu ni Jumamosi, mara moja, na nyumba ile ikishakurudisha imekurudisha.

"Mjomba," akasema, "usiende ukachekesha."

Hapo nikaona uzito wake. Mtu akikuomba usichekeshe, ujue anakufa. Nikamwambia barabara ni ndefu na ina watu, nitauliza. Mtu hasomi kitabuni tu, barabarani pia husoma.

Cedar Hill, chapati thelathini

Ijumaa asubuhi nikapitia Cedar Hill kumchukua Sista Kerubo. Huyu ni nesi, Mkisii, mtu wa kanisa kwelikweli, dada yake anakaa Stafford na alikuwa anataka lifti. Alitoka na mfuko wa nguo mdogo kama kitambaa cha pua na sufuria ya chapati kubwa kama tairi. Biblia ameishika kwapani.

Akaiangalia gari yangu. Nyinyi mnaijua, ile ya kijani ambayo mlango wa nyuma unafunguliwa kwa kijiko.

"Bwana Athumani, hii gari itafika Houston?"

"Sista, gari hii imefika mahali ambapo Houston yenyewe haijafika."

"Mimi nimetoka shifti, nataka kulala. Ikizima uniamshe tusukume. Isipozima usiniamshe."

Kutoka kwetu hadi Stafford ni saa nne na nusu kwa mtu mwenye akili na gari. Mimi nilitumia siku mbili, na akili niliiokota njiani.

Kabla hajalala nikamuuliza swali langu. Hakufikiri hata kidogo.

"Abrahamu."

"Ibrahimu wetu huyu?"

"Wetu huyu. Baba yake alikuwa anatengeneza sanamu za kuuza."

"Hata sisi tunasema hivyo."

"Sasa kama wewe unasema na mimi nasema, unasumbua Mwalimu wa watu ya nini?" Akafunika uso na khanga, akakoroma mpaka kioo kikatetemeka.

Nikaona jibu la Ibrahimu ni zuri, ila ni kavu. Kila mtu analo nyumbani.

Corsicana, kuba mbili

Mshale wa joto la injini ulipanda tulipokaribia Corsicana. Gari yangu inakunywa maji kama ngamia wa harusi. Nikatoka haiwei, ile barabara kuu, kutafuta maji, na adhuhuri ilikuwa imekaribia. Nikakata kona, mara naona kuba mbili, zimechongoka juu kama vitunguu. Moyo ukaniruka. Msikiti, na Ijumaa, katikati ya Texas, mahali ambapo hata nzi ni Mbaptisti.

Nikamwamsha Kerubo, nikapaki. Nikatawadha kwa maji ya chupa pale uwanjani, nikavua viatu mlangoni, nikaingia na mguu wa kulia. Ndani kuna mzee mmoja anafuta viti kwa kitambaa, amevaa kofia ndogo iliyokaa kisogoni kama kifuniko cha birika.

"Assalaam aleikum."

"Shalom aleichem," akajibu.

Nikasema moyoni, huyu Kiarabu chake kina mafua. Nikamuuliza kibla kiko wapi. Akaniuliza nini. Nikamwonyesha kwa mkono, naelekea wapi. Akafikiri, akasema, "Houston iko kule." Mguu wangu umelowa, kiatu kiko nje, na Houston si kibla.

Ilituchukua muda mrefu sana kuelewana. Kiingereza changu ni cha ghalani, najua "inua", "shusha" na "nani amevunja hii". Lakini alipofahamu, alicheka akakaa chini. Lile lilikuwa sinagogi la zamani, na yeye ndiye mwangalizi, akiitwa Mzee Leo. Wenyewe walishapungua, waliobaki walikuwa hawatimii hata kujaza benchi. Akanipa pembe ya kivuli nje nikaswali, yeye akanishikia kofia isipeperuke.

Baada ya hapo Kerubo akatoa chapati, tena akawa mkalimani wangu mpaka Houston, mzee akatoa keki ya matunda. Corsicana wanapika keki ya matunda nzito, ukiiangusha miguuni unakwenda hospitali. Nikamuuliza swali langu. Akatafuna kwanza.

"Inategemea unamuuliza nani. Bibi yangu angekwambia Ibrahimu, na usiongeze."

"Mimi pia," akasema Kerubo.

"Lakini vijana wasomi wanasema hivi. Mwanzo babu zetu walishika Mungu wao, na jirani akashika wake. Hatukusema wa jirani hayupo. Tulisema sisi wetu ni huyu, na kwa mwingine hatuendi. Kama mke. Kisha tukapigwa vita, nyumba ya ibada ikavunjwa, tukachukuliwa mateka mpaka Babeli. Mtu akishindwa vita siku zile alisema mungu wangu ameshindwa, nahamia kwa aliyeshinda. Sisi tukafanya kinyume. Kule kule utumwani tukasema waziwazi, hakuna mwingine kabisa, hata huyo wa Babeli si kitu."

"Mliposhindwa ndipo mkazidisha."

"Wabishi," akasema Mzee Leo. "Bibi yangu angenipiga kwa kusema hivyo mbele ya wageni."

Nikamwambia jambo hilo nimelipenda ila kichwa changu kina tundu, nitalisahau kabla ya daraja. Akakata kipande cha keki, akakifunga kwenye karatasi. "Ukikiona hiki, kumbuka Babeli." Nikakiweka juu ya dashibodi. Na hapo ndipo nilipopata mbinu yangu. Kila jibu nitalipa kitu chake, nisije nikachanganya.

Buffalo, hakuna nyati

Niliona kibao kimeandikwa Buffalo, nikamwambia Sista apandishe kioo. Mimi nyati namjua, hana mzaha. Kumbe ni jina la mji tu, na kilichotoka mbele yetu ni moshi, tena wetu wenyewe.

Tulisukuma mpaka gereji. Kerubo alisukuma, mimi nilishika usukani na kumtia moyo. Gereji ina moteli ubavuni, na zote mbili ni za mtu mmoja, Mmisri anayeitwa Girgis, Mkristo wa Misri, na msalaba umechorwa kwenye kifundo chake cha mkono. Akafungua boneti, akafunga, akafungua tena, kama mtu aliyekuta maiti asiyemtegemea.

"Nani alikuuzia?"

"Rafiki."

"Bado ni rafiki?"

Akasema kipuri kitakuja kesho asubuhi, tulale kwake, kila mtu chumba chake. Kerubo akaenda akawapima presha yeye na mkewe bila kuombwa, na mkewe akatupikia maharage ya Kimisri yenye ndimu na bizari, ambayo nilikula mpaka nikasahau nilikuja kuposea nani.

Asubuhi, anafunga kipuri, nikamtupia swali langu. Akaweka spana chini.

"Firauni."

"Firauni? Yule wa kuzama baharini?"

"Si huyo. Kulikuwa na mafirauni wengi kama madereva. Mmoja aliitwa Akhenateni. Misri ilikuwa na miungu, wa paka, wa mamba, wa mto, wa kichwa cha ndege. Huyu akaamka siku moja akafunga mahekalu yote. Akasema ni mmoja tu, Ateni, hilo duara la jua. Akajenga mji mpya jangwani, akahamishia watu wote."

"Watu wakakubali?"

"Ungekubali wewe? Mtu alikuwa na mungu wa jikoni, mungu wa uzazi, mungu wa meno. Anaambiwa kuanzia leo ofisi ni moja na iko angani. Alipokufa tu, wakavunja mji, wakafuta jina lake kwenye mawe, wakarudisha paka."

"Maskini paka, alikuwa wapi wakati wote?"

"Huyo hakuwa anaabudu Mungu," akasema Kerubo kutoka kwenye kiti chake, "alikuwa anaabudu jua. Muumba ni mwingine na kitu alichoumba ni kingine."

"Dada, wanazuoni pia wanabishana hilo hilo," akasema Girgis. "Wengine wanasema ni wa kwanza. Wengine wanasema ni mtu aliyeota jua sana." Akanipa spaki plagi yangu ya zamani, imeungua nyeusi. "Kumbukumbu ya Firauni. Ilikuwa inawaka peke yake, nyingine zote zilikufa."

Nikaiweka juu ya dashibodi, ubavuni mwa Babeli.

Huntsville, jitu jeupe

Hapa sikutaka kusimama. Lakini fikiria umetoka kwa Firauni aliyevunja masanamu, umekunja kona, mara mbele yako, juu ya miti, linatokea jitu jeupe refu kama minazi mitatu, limeshika fimbo, linakutazama. Nilikanyaga breki, chapati zikahamia mbele.

"Ni mkubwa wa zamani wa Texas," akasema Kerubo. "Wamemjengea tu. Drive."

"Sista, wanamwomba?"

"Wanampiga picha."

Kweli, familia moja ilikuwa imepanga watoto miguuni pake, wote wanatabasamu. Bibi kizee akanipa kamera niwapige. Nikawapiga, nikakata vichwa vyote isipokuwa cha sanamu. Kama hiyo si ibada, basi picha yenyewe itafanya watu wafikirie hivyo baada ya miaka elfu tatu.

Houston, mfuko wa Baba Rustam

Tuliingia Houston saa sita. Houston haina mwanzo, unashtukia uko ndani, kama deni. Kerubo alitaka unga wa ugali wa kupeleka kwa dada yake, akanielekeza mtaa wa maduka ya Wahindi. Tukaingia duka moja dogo lenye harufu ya bizari zote za dunia. Mwenyewe ni mzee mweupe wa nywele, ametoka Bombay zamani, tukamwita Baba Rustam. Aliposikia nakwenda kuposa, akanipa kiti. Aliposikia swali la posa, akaja kukaa mbele yangu, wateja wakajihudumia.

"Umekuja kwa mtu mwenyewe," akasema. "Sisi ni watu wa Zaratushti."

"Wale wanaoabudu moto?"

Akafumba macho kama mtu aliyeulizwa hivyo mara laki.

"Wewe ukiswali unaelekea ukuta. Unaabudu ukuta?"

"Hapana, naelekea kibla."

"Na sisi tunaelekea mwanga. Zaratushti alitoka huko pande za Uajemi, zamani sana, wataalamu hawajakubaliana zamani gani, wanapishana mamia ya miaka. Watu wake walikuwa na miungu kundi zima, wanachinja ng'ombe, wanalewa. Akasema kuna Bwana mmoja mwenye hekima, Ahura Mazda. Na mtu achague, wema au uovu, na kuna siku ya kuhesabiwa."

"Siku ya hesabu?" Kerubo akageuka na mfuko wake wa unga. "Na mbingu?"

"Na mbingu, na daraja la kuvuka kwenda."

Mimi na Kerubo tukatazamana. Daraja nalijua mimi, hesabu tunaijua wote, tumeisikia tangu utotoni, kila mtu kwa jina lake.

"Sasa nani alimpa nani?" nikauliza.

Baba Rustam akacheka. "Njia ya Babeli na njia ya Uajemi ni moja. Watu walikuwa wanakutana dukani. Kama sasa."

Nikamwomba kitu cha kumkumbuka Zaratushti. Akaenda nyuma, akarudi na furushi la majani ya tambuu, mabichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, yametoka kwenye kasha lililoshuka na ndege juzi yake. Ndani akatia popoo, katu na chokaa kidogo, vile vya kutafunia vinavyotia mdomo wekundu. "Haiendi mikono mitupu posa," akasema. Mimi kichwa kiko kwenye daraja na hesabu, sikumsikiliza vizuri. Kerubo alichukua jani moja akalinusa, akalipenda, akalitia ndani ya Biblia yake kuwekea alama.

Kutoka pale Stafford ni nusu saa. Lakini njia kuu ilikuwa imefungwa, lori la matikiti limepinduka. Nawaambia matikiti yalikuwa yanakuja upande wetu yenyewe, mengine yanapita magari. Jua limesimama juu ya paa kama Ateni. Tukakaa. Nikatafuna jani moja na popoo yake kutoa usingizi. Nikakariri: keki Babeli, plagi Firauni, majani Zaratushti. Nikatafuna la pili.

"Bwana Athumani," akasema Kerubo, "unakula hizo majani kama mbuzi wa mtu."

"Nasoma, Sista. Kila nikisoma natafuna."

Nilisoma kwa bidii. Matikiti yalipoisha barabarani, karatasi ya Baba Rustam ilikuwa nyepesi.

Stafford, mezani kwa Mwalimu

Alasiri nilibisha hodi. Kerubo akasema ataingia na mimi kwanza, awe shahidi nikitupwa nje. Mwalimu Makame ni mtu mwembamba, kanzu imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ndani yake. Mkewe, Bi Mwanaisha, akakaa kwenye kochi la pembeni. Zuhura haonekani, lakini pazia la jikoni lilikuwa linapumua.

Salamu, hali, watoto, kazi, njia. Kisha Mwalimu akanitazama mdomo. Nikasema moyoni, anasubiri jibu.

"Mwalimu," nikaanza, "nimepata ujumbe wako. Sikuja na makavu."

"Alhamdulillahi," akasema, akajiweka vizuri. Bi Mwanaisha naye akasogea.

Nikatoa kipande cha keki, nikakiweka mezani. Mwalimu akakitazama. Nikasema, "Babeli." Nikaeleza mambo yote, jirani na mungu wake, vita, utumwa, wabishi. Mwalimu akatikisa kichwa polepole. Nikatoa spaki plagi. Nikaiweka karibu na keki. "Firauni." Nikaeleza jua, nikaeleza paka. Pazia la jikoni likaanza kutikisika. Bi Mwanaisha akaniuliza kama nimekula.

"Bado, Bi mkubwa, kuna Zaratushti."

Nikatoa karatasi ya Baba Rustam, nikaifungua kwa madaha mbele ya Mwalimu. Ikadondoka punje moja ya popoo, ikaviringika mpaka kwenye plagi. Hakukuwa na kingine. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikaeleza Bwana mwenye hekima na daraja, huku nimeshika karatasi tupu. Nikamaliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, chanzo chake wenyewe wanagombana. Sisi tunasema tangu Adam, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini katika historia, hao watatu ndio wanaoshindania mlango."

Mwalimu akaisogeza plagi kando kwa kidole kimoja.

"Sheikh wangu," akasema Mwalimu taratibu, "hayo yote nimeyafundisha miaka mingi, na hujakosea sana. Lakini nani kakuuliza?"

"Wewe, Mwalimu. Kwenye mashine. Mungu mmoja, na chanzo chake ukijue."

Bi Mwanaisha akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanacheza.

"Fungu," akasema Mwalimu. "Nimesema fungu moja. La tambuu. Nyumba hii haiposwi bila tambuu, na nijue zimetoka wapi, maana hapa watu wananiletea majani yaliyokaa kwenye friza tangu vita vya Maji Maji. Yule wa mfamasia kaniletea makavu, ukiyashika yanavunjika kama karatasi. Nimekuona unaingia na mdomo mwekundu, nikasema huyu mshenga kajua ada, fungu limefika. Liko wapi?"

Jamani. Nyumbani kila mtu anajua posa ni tambuu. Mamangu alinifungia fungu la tambuu kwenye leso nikiwa sijajua hata kuoa ni nini. Miaka tisa ya forklifti ghalani imelitoa akilini. Nikaangalia karatasi. Nikamuona Faraji, kijana wa watu, amekaa karibu na ile mashine yake. Nikamuona na daktari wa meno, Jumapili, mshenga wake na furushi bichi.

"Nimelila, Mwalimu," nikasema. Sikuchekesha. "Lilikuwa fungu zima, bichi. Nimelila njiani nikikariri."

Bi Mwanaisha aliacha kucheka. Pazia likasimama.

Hapo Kerubo akafungua Biblia yake juu ya magoti. Akapekua, akafika alipoweka alama. Akatoa jani, moja, kijani, limelala pale kama limechumwa saa ile, akaliweka mezani kati ya keki na plagi.

"Alibakisha hii," akasema.

Mwalimu akaliangalia. "Sista, hili si fungu. Hili ni jani moja."

Nami, sijui nilitoa wapi, nikasema: "Mwalimu, na miungu nayo ilikuwa fungu. Wakapunguza, wakapunguza, mpaka akabaki mmoja, na huyo mmoja ndiye anayetosha."

Nilidhani ananipiga. Alinitazama sana. Kisha akalichukua lile jani kwa vidole viwili, akalinusa, akalikunja, halikuvunjika. Akampa mkewe. Bi Mwanaisha akalinusa, akalishikilia.

"Na chanzo chake?" akauliza Mwalimu, uso mkavu kabisa.

"Duka la Baba Rustam, mtu wa Zaratushti. Limeshuka na ndege juzi. Limekuja mpaka hapa ndani ya Biblia, limebebwa na Mkisii."

Hapo Mwalimu alicheka, na akicheka anacheka kama mtu anayeteremka ngazi, hatua hatua, mpaka chini. Bi Mwanaisha akalipasua jani katikati, nusu akampa mumewe, nusu akatia kinywani mwake. Kwa sisi watu wa pwani, hapo maneno yameisha, posa imekubaliwa. Jikoni kitu kikaanguka kikavunjika, na hakuna aliyeuliza ni nini.

Tulikula biriani mpaka magharibi. Ile keki ya Babeli tulikula na chai. Plagi Mwalimu amebaki nayo, ameiweka rafu ya vitabu.

Nilipompigia Faraji, aliitika kabla simu haijalia.

"Mjomba, amekubali jibu gani? Firauni au Ibrahimu?"

"Moja tu," nikamwambia. "Lakini lilikuwa bichi. Kashone kanzu, na hiyo mashine ya simu uirudishe yadi ulikoitoa."